Mti wa Krismasi Uliobanwa kwa Pini

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu gauni likipita mikononi mwake pindo lilinyooka hadi mvaaji akaogopa kuketi asilikunje. Mumewe walimwita Mzee Fyuzi, na hapo sina haja ya kueleza. Nyumba yoyote taa zikizimika, mtu wa kwanza kutafutwa alikuwa yeye.

Lakini tangu alipoanguka kutoka kwenye ngazi, Mzee Fyuzi alihamia kwenye kiti cha sebuleni. Miguu ilikuwa mizima kabisa, na plasta ya mkono ilishatolewa. Tatizo ni vidole vya mkono wa kulia: viligoma kukunjika, na daktari hakuahidi kwamba vitakunjika tena. Mzee akampa fundi mwenzake zana zake zote, akakaa. Akiulizwa atakula nini, "Chochote." Akiulizwa amelalaje, "Hivyohivyo." Mwanamume aliyezoea kugombana na redio mpaka majirani wakasikia, sasa aliiacha iseme peke yake. Mama Pindo aliogopa. Aliona wazi kwamba mumewe hainuki kwa sababu hana anachokiinukia, na kwamba wiki zikizidi kupita atazoea.

Krismasi ikakaribia, na watoto wao wakubwa wakasema wanakuja wote. Kupamba mti ilikuwa kazi ya Mzee Fyuzi, na mtu mwingine akisogelea zile taa za waya alifukuzwa kama kuku. Safari hii Mama Pindo aliushusha mti wa plastiki kutoka juu ya kabati, akaukung'uta vumbi, akausimamisha mbele ya kiti makusudi.

"Taa zinaanzia wapi, Baba, juu au chini?"

"Popote."

"Popote? Si wewe mwaka jana ulinitoa sebuleni kwa kugusa waya?"

Mzee akageuza uso dirishani. Mama Pindo akajifunga kanga kiunoni, akaanza mwenyewe.

Sasa, waya wa taa ni kitu kikaidi. Aliupandisha, ukateleza. Akauzungusha kushoto, ukachomoka kulia. Mshonaji akiona kitu kinateleza ana dawa moja tu. Mama Pindo alienda kwenye cherehani yake, akajaza pini mdomoni, akarudi na kuanza kuubana waya kwenye matawi, tawi baada ya tawi, umbali uleule, vizuri kama pindo la gauni la bibi harusi. Akarudi nyuma, akajisifu kimoyomoyo, akachomeka plagi.

Pa!

Redio ikanyamaza. Friji ikanyamaza. Harufu ya plastiki iliyoungua ikapita sebuleni bila haraka.

"Umefanya nini?" sauti ikauliza kutoka kitini.

"Hijafanha hitu."

"Una nini mdomoni?"

Mama Pindo akatema pini tatu kwenye kiganja. Mzee akazitazama zile pini, akautazama mti, na macho yakamtoka.

"Pini? Waya wa umeme umeuchoma pini kama sketi?"

"Ulikuwa unateleza!"

"Ukiteleza ndiyo uupige pini? Mwanamke wewe, unataka watoto waje Krismasi au waje msibani? Usiguse! Chomoa plagi kwanza. Chomoa!"

Alikuwa amesimama. Mama Pindo aliona, akajifanya hakuona, akachomoa plagi haraka kama mtoto mwenye adabu. Ukweli ni kwamba alikuwa na hofu na aibu, lakini furaha ilizidi vyote viwili.

Mzee akashika tochi kwa mkono wa kushoto, akazunguka mti akiguna. "Hii toa. Hii imepita pembeni, una bahati. Hii nayo toa. Aha! Huyu ndiye muuaji." Pini moja ilikuwa imetoboa waya katikati kabisa, na hapo pakawa peusi. "Pakatwe, paungwe upya. Lete mkasi."

"Mkasi upi?"

"Humu ndani kuna mkasi mwingine?"

Ule mkasi wa kushonea ulikuwa wa kitambaa tu. Dada wa Mama Pindo aliwahi kukatia karatasi, wakanuniana mpaka ndugu wakaitwa kuwapatanisha. Mama Pindo akauleta, akamkabidhi mumewe, akafumba macho wakati unakata.

Kuunga ilikuwa vita nyingine. "Usisokote kama unasuka nywele!" mzee akafoka. "Basi sokota mwenyewe," akajibiwa. Naye akasokota. Vidole vya kulia viligoma kama kawaida, lakini aligundua kwamba kiganja kinaweza kukandamiza waya mezani ukatulia, na mkono wa kushoto ukafanya yaliyobaki. Alitokwa jasho, akatukana plastiki na kiwanda kilichoitengeneza, akafungia tepu kwa meno. Kisha akachomeka plagi, akaenda mwenyewe kuwasha swichi kubwa ukutani iliyojizima.

Taa zikawaka. Wote wawili wakacheka, wakacheka tena, mzee akiigiza jinsi mkewe alivyojibu na pini mdomoni.

Halafu akarudi kukaa kwenye kiti chake, na moyo wa Mama Pindo ukashuka. Basi ndiyo yameisha, akawaza. Akazunguka mti ili tu asimtazame, na huko nyuma akaona kipande kizima chini hakiwaki.

"Baba, huku nyuma kuna giza."

"Nimeona."

"Umeona, ukaacha?"

"Nimalize zote leo?" mzee akasema. "Kesho nikiamka nitafanya nini?"

Mama Pindo akaja akakaa kwenye egemeo la mkono la kile kiti, akalia waziwazi, na Mzee Fyuzi akamwambia awe mwangalifu na machozi, umeme umesharudi.