Nilivyochagua kabineti ya besi ya kupigia uwanjani, mama mkwe akisikiliza kutoka ng'ambo

Wakuu, salamu kutoka Giakanja, huku Nyeri.

Mimi ni msomaji wa kimya humu ndani. Huwa nasoma nyuzi za vyombo vya muziki, nafunga simu, naendelea na kazi. Leo naandika kwa sababu nilipokuwa natafuta msaada sikupata uzi wa mtu anayepiga huku kwetu. Nitaeleza vile mambo yalienda, hata pale ambapo sikujua ninachofanya.

Mume wangu, Baba Kui, alikuwa mpiga besi. Alitutoka mwaka jana. Ni ugonjwa, na sitaingia huko.

Alikuwa amenifundisha gita la besi jioni baada ya kukamua ng'ombe, na kanisani nilikuwa nampokea akichoka. Kwa hivyo alipoenda, bendi yake ya harusi ilinikubali nishike nafasi yake. Kiongozi anaitwa Kiragu, na ndiye anapiga drums. Ni mtu mzuri, lakini hawezi kubeba mtu kwa huruma.

Siku moja aliniita kando.

"Mama Kui, ndani ya hall uko sawa. Lakini kuna harusi Naro Moru, na ni uwanjani. Ile PA tuko nayo, zile spika za jukwaani, ni ya waimbaji peke yake. Besi lazima itoke kwa kabineti yako. Isiposikika, nitaambia mtu wa keyboard apige besi na mkono wa kushoto."

Nikamuuliza, "Na harusi ikiisha?"

"Akizoea, sitaweza kumwambia aache."

Basi hapo ndipo wasiwasi ulianza. Ile nafasi ndiyo kitu pekee cha Baba Kui ambacho bado kilikuwa kinatembea. Nguo nilikuwa nimeshagawa.

Kwa asiyejua: ampu ndiyo inatia nguvu, kabineti ni lile sanduku la spika linalotoa sauti. Ya Baba Kui ina spika moja ya inchi kumi na mbili. Kanisani inatosha kabisa. Nje, drums zikianza, inapotea kama mtu anayeongea ndani ya posho mill.

Niliuza ndama. Pesa ilikuwa ya kabineti moja tu, sio ya kukosea kwanza halafu nirudie. Wiki hiyo maziwa yalichemka yakamwagika jikoni mara nyingi nikiwa nimesimama hapo hapo nikiyaangalia.

Nikaenda Nyeri mjini kwa duka moja la vyombo vya mtumba. Walikuwa na mbili za nguvu. Moja ina spika moja ya inchi kumi na nane, sanduku kubwa kama friji ya soda. Nyingine ina spika nne za inchi kumi, ile watu huita four by ten.

Muuzaji akachomeka ile ya kumi na nane, akaniambia nipige waya mnene wa gita. Kifua kilitetemeka. Kioo cha kaunta kililia.

"Mathe," akasema, "hii ukiwasha Naro Moru, watu wa Nanyuki wanaanza kudansi."

Nilicheka, na nilikuwa karibu kutoa pesa.

Halafu nikaingiwa na woga. Kile chumba kilikuwa kidogo, kuta pande zote. Besi ndani ya chumba kama hicho hujijaza yenyewe. Naro Moru ni nyasi na upepo wa mlima. Nani angeirudishia sauti huko?

Duka hilo pia hukodisha vyombo. Nikaomba nikodishe zote mbili kwa siku moja ndio niamue.

"Wee mathe! Kwani unanunua ng'ombe? Hata ng'ombe huendi nayo nyumbani ukaikamue kwanza."

"Mimi sijawahi kununua ng'ombe bila kuikamua," nikamwambia.

Akacheka. Tukabeba zote mbili na pickup ya maziwa.

Sasa, boma letu liko juu ya mteremko, na ng'ambo ya bonde kuna shamba la mama mkwe wangu. Mimi humwita Maitu. Huku kwetu ukitaka mtu wa ng'ambo husumbuki na simu, unapaza sauti tu na anajibu. Nikawaza: kama Maitu atasikia besi akiwa huko, basi mgeni wa hema la mwisho atasikia.

Shida ni kwamba Maitu hakuwa amekaa karibu na besi tangu tumzike mwanawe. Nikianza mazoezi anatoka nyumbani. Nilimwomba nikiangalia chini. Akaendelea kukunja kamba.

"Majani ya ng'ombe lazima yakatwe," akasema. "Nitasikiliza nikikata."

Tukakubaliana kwamba akisikia wimbo vizuri, atainua leso.

Kiragu akaja na drums, tukaziweka uani. Tukaanza na ile kubwa. Pale nilipokuwa nimesimama, ardhi yenyewe ilikuwa inanguruma. Nikaangalia ng'ambo. Hakuna leso. Tulipomaliza nikapaza sauti.

"Maitu! Umesikia?"

"Nasikia lori imeshindwa na mlima!"

"Ni wimbo gani?"

"Ati wimbo? Kwani kuna wimbo?"

Kiragu alicheka mpaka akaangusha kijiti. Mimi sikucheka.

Tukaunganisha ile ya spika nne. Wakuu, nitasema ukweli: hapo karibu niliona kama haina tumbo. Ilikuwa kavu. Nikajua nimepoteza siku, na pengine nafasi pia. Nilipiga kwa sababu tu tulikuwa tumeshaanza.

Katikati ya wimbo leso ikainuka. Haikuteremka mpaka mwisho. Nilipomuuliza kama amesikia, akainama akaendelea kukata.

Jioni alifika na mzigo mgongoni, akautua, akasema:

"Ule wimbo wa mara ya pili ulikuwa unaukimbiza. Yeye alikuwa anangoja kidogo kabla ya kurudi kwa chorus."

Akaingia jikoni. Hapo nilijua kila noti ilikuwa imevuka bonde.

Baadaye Kiragu alinieleza. Ile ngurumo ya chini sana, ukiwa nje, inatawanyika na inachanganyika na ngoma ya mguu. Mtu wa mbali anatambua besi kwa sauti ya katikati, na spika nne za inchi kumi ndizo zinaitoa vizuri. Pia kwa ampu ile ile, ya spika nne ilikuwa inatoa sauti zaidi. Muuzaji anakuambia watts, yaani nguvu ambayo spika inaweza kubeba, lakini muulize pia dB, yaani ukubwa wa sauti inayotoka.

Nikanunua ya spika nne.

Karibu niharibu yote baada ya hapo. Nilitaka kuunganisha na ile ndogo ya Baba Kui, zipige pamoja harusini. Haikuwa sababu ya sauti. Nilitaka tu iwe pale. Kiragu akageuza ampu akanionyesha maandishi ya nyuma: isiende chini ya ohms nne, kile kipimo cha vile spika inavyozuia umeme. Kabineti mpya ni nane, ya Baba Kui ni nne. Ukizichomeka pamoja zinashuka chini ya nne, na ampu inaweza kuungua katikati ya harusi. Mimi sikumaliza sekondari, kwa hivyo alinirudia hesabu hiyo polepole.

Nikaichomoa, nikaifunika na shuka, nikaiacha nyumbani.

Naro Moru tulipata upepo tuliouogopa. Nilipandisha kabineti juu ya kreti za soda ili inielekee masikio, sio magoti. Jamaa wa keyboard alikuwa ameambiwa akae tayari, na wimbo wa kwanza alipiga besi yangu yote na mkono wake wa kushoto. Tulikuwa tunagongana. Baridi nayo ilikuwa inauma vidole.

Wimbo wa pili bado alikuwa hapo. Nilikumbuka kungoja kidogo kabla ya kurudi kwa chorus.

Kule nyuma kabisa, kina mama waliokuwa wakipakua chakula walianza kutingisha mabega, vijiko mkononi.

Wimbo wa tatu, jamaa wa keyboard aliinua mkono wa kushoto, akaupuliza joto, akautia mfuko wa jaketi. Ulikaa humo mpaka keki ikakatwa.

Kiragu aliuona. Tulipokuwa tunapakia aliniambia harusi inayofuata ni Karatina.

Wakuu, nilichojifunza: usinunue kabineti ya nje ukiwa ndani ya duka, na usiamini kifua chako. Wewe umesimama karibu sana. Tafuta sikio la mbali, drums zikiwa zinapigwa. Na soma nyuma ya ampu kabla roho yako haijakuchomekea vitu.

Bado naogopa kila tukifika uwanja mpya. Mnaopiga nje, mnapimaje? Niambieni hapa chini, hata kama ni kunikosoa, maana nitahitaji njia nyingine. Maitu amesema hatakaa tena ng'ambo. Karatina anakuja mwenyewe, na anataka kiti.