Divai Nyekundu Kwenye Joto la Mikindani

"Watu wa huku tunakunywa uraka wa mabibo na bia," mjomba wangu aliniambia aliponikuta stendi ya Mtwara nikishusha katoni za divai. "Divai ni ya padri. Hutauza hata chupa moja."

Wengine walisema nimeshindwa maisha Dodoma, ndiyo maana nimerudi. Sikushindwa. Nilirudi na stashahada ya huduma za vyakula na vinywaji, na ujuzi nilioupata kwa familia moja ya Kigogo inayolima zabibu zake na kutengeneza divai yake: baba kwenye mapipa, mama na binti kwenye chupa. Mtwara nzima, sidhani kama yupo mwingine anayeweza kuonja divai nyekundu na kukuambia zabibu zilivunwa kabla ya mvua au baada.

Mtaji nilikopa. Mjomba huyohuyo alinipa kiasi, kwa masimango. Kiasi kingine kilitoka kwenye kikundi cha kukopeshana cha dada yangu, naye akanidhamini kwa friza lake la kuuzia juisi. Siku ya marejesho ilipofika nilikuwa sijauza kitu. Wanakikundi wakaja kulitazama friza. Mmoja akalifungua, akalifunga, akagonga ubavu wake.

"Tunampa mpaka Jumamosi," alimwambia dada. Mimi hakuniangalia.

Nilikuwa na mteja mmoja tu wa kutumainiwa, mama mwenye hoteli Mikindani. Aliniita nikamwonjeshe Ijumaa mchana.

Chuoni tulifundishwa kwamba divai nyekundu haiwekwi kwenye friji. Hunywewa kwa joto la chumba. Kanuni hiyo niliishika kama amri. Nikapakia chupa za divai kavu, isiyo na sukari, na za tamu kwenye bajaji, jua la Desemba likiwaka, nikafika, nikapanga glasi na kisahani cha korosho, nikamimina kwa mkono mmoja kama inavyotakiwa.

Mama akaonja, akaiweka glasi chini.

"Baba, hii umeichemsha?"

"Labda ni supu," mpishi wake akadakia.

Nikaonja. Ilikuwa vuguvugu, zabibu zimepotea, imebaki harufu ya spiriti. Moyoni nililiona friza la dada likipakiwa kwenye guta. Mama alikwisha kushika mkoba wake. Lakini akili yangu haijawahi kuniangusha: aliyeandika ile kanuni, chumba chake hakikuwa Mtwara! Kando ya mlango wa jiko kulikuwa na sanduku la jodari waliofunikwa barafu.

"Mama, kaa ule korosho kidogo," nikasema, nikazitumbukiza chupa katikati ya samaki.

"Eeh! Sasa tunauziwa shombo!" mpishi akapiga kelele.

"Shombo iko nje ya chupa, kaka. Ndani pamezibwa."

Mama alikaa, lakini mkoba hakuuachia. Nikamweleza habari za ile familia na shamba lao, huku nikiziangalia korosho zikipungua kwenye kisahani. Zilipobaki chache nikazitoa chupa, nikazisugua kwa ndimu, nikamimina tena.

"Hii kavu mpe mgeni anayekula jodari wa kuchoma," nikamshauri. "Ni nyepesi, haimfuniki samaki. Hii tamu ngoja amalize kula, umletee na korosho za kukaanga."

Akanywa. Akanywa tena.

"Hii nzuri. Kwa nini ulianza na ile mbaya?"

"Ni ileile, mama."

"Acha utani wako."

"Chupa ni ileile. Muulize mpishi."

Mpishi akainua mabega. Mama akaweka mkoba chini.

"Niachie zote, nakulipa leo. Na kila Ijumaa uje mwenyewe, uwafundishe hawa kuimimina."

Jumamosi nikapeleka marejesho kabla wanakikundi hawajamaliza kukaa. Baadaye hoteli nyingine zikaniita, na msimu wa korosho uliofuata nikamaliza deni la kikundi asubuhi, dada akipiga vigelegele. Jioni nikaenda kwa mjomba. Alihesabu fedha zake, akahesabu tena, akazitia mfukoni.

"Haya, mpwa wangu, umeweza. Sasa niletee chupa moja nami nionje."

Nikamtajia bei.