Mkono wa Koti la Mwalimu Njue

Mwalimu Njue Ngari alikuwa naibu wa mwalimu mkuu kwa muda mrefu sana, hata watu wa Kibugu wakadhani hicho ni cheo alichozaliwa nacho. Walimu wakuu walikuja, wakasifiwa, wakahamishwa, mmoja hata akaingia siasa. Njue alibaki palepale na bunda lake la funguo, akihakikisha kwamba hakuna kitu kitakachotokea shuleni. Na kusema haki, hakuna kilichotokea mpaka alipostaafu.

Hakuwa mwoga. Yeye mwenyewe alijiita mwangalifu, na sisi kwa heshima tulikubali. Kabla ya kumposa Gladwell aliichunguza familia yake kwa muda mrefu kiasi kwamba kaka zake walikwenda kuuliza kama kijana yule ni askari kanzu. Alipotaka ng'ombe wa maziwa alileta madaktari wawili wa mifugo, na walipofika kuafikiana, ng'ombe alikwisha kuzaa katika boma la mtu mwingine.

Alicheza sataranji, ambayo sisi tunaiita chesi, kwa mtindo huohuo. Tulikutana Jumapili baada ya ibada katika chumba cha nyuma cha duka la Misheck, anayeuza mbegu na dawa za mifugo, tukikaa juu ya magunia ya mbolea kama wataalamu. Njue aliwapanga askari wake wadogo kama ua wa boma, akamficha mfalme pembeni, kisha akangoja mpinzani achoke. Wengi walichoka. Misheck alisema kucheza na Mwalimu ni sawa na kungoja sahihi ya chifu: huwezi kusema umekataliwa, lakini chai yako inapoa.

Mwenyekiti wetu alikuwa Ndwiga, wakili wa mjini Embu, ambaye alipanda kuja kwetu kila Jumapili ili kutuelimisha. Ilikuwa muda tangu ashinde mchezo wowote, lakini kushinda si kazi ya anayefundisha.

Mwezi wa saba tulikwenda Meru kwa mashindano. Kulikuwa na baridi na manyunyu, na Njue alivaa koti lake kubwa la kijivu lenye mikono mipana, aliloachiwa na babake. Alipangiwa Kathambi, karani wa kiwanda cha kahawa huko Githongo, mwanamke mpole aliyekuwa akiwatandika watu tangu asubuhi bila kukunja uso. Sisi wengine tulikwisha kutandikwa, kwa hiyo tulikuwa nje tukinywa uji na kueleza jinsi ukumbi ulivyokuwa na mwanga mbaya.

Tuliporudi tulikuta watu wamejazana mezani kwao. Mfalme wa Kathambi alikuwa katikati ya ubao, mbali na nyumbani, kama mtu aliyeshuka stendi asiyoijua. Njue alikuwa amemtoa askofu bure, kisha ngome bure, na sasa farasi wake na malkia walikuwa wamemzingira yule mfalme hadi akakosa pa kukanyaga. Kathambi alitazama, akatazama tena, akanyoosha mkono kumpongeza. Njue aliupokea mkono ule kama mtu anayetolewa mtoni.

Nyumbani Gladwell aliuliza kama cheti alichopewa mumewe kwa ushindi ule kinapikwa au kinaliwa hivyohivyo. Klabu, kwa upande wake, haikulala. Ndwiga alitangaza kwamba Jumapili itakayofuata tutauchambua mchezo ule hatua kwa hatua. Akampigia Kathambi simu na kumkaribisha kwa ukarimu mkubwa, aje aonyeshwe alipokosea.

Kathambi akaja kutoka Githongo hadi Kibugu, safari si ndogo, na kikapu cha parachichi. Misheck alimpa kiti pekee cha klabu. Ndwiga aliupanga ubao, akakunja mikono ya shati, akaanza.

Hatua za mwanzo alizipita haraka kwa sababu zilikuwa za Njue wa kawaida, yaani hazikuwa na kitu. Kisha akafika pale askofu wa Mwalimu alipovuka ubao mzima na kumla askari aliyesimama mbele ya mlango wa mfalme. Hapo Ndwiga akanyamaza, kama afanyavyo mahakamani anapotafuta karatasi. Akatueleza kwamba mtu wa kawaida anamwona askari, lakini Mwalimu aliona mbele yake mchezo wote mpaka mwisho. Hii ilikuwa silika. Hii, alisema, haifundishwi, ingawa yeye binafsi alihisi kwamba mafunzo yake ya Jumapili yalichangia kidogo.

Tulitikisa vichwa. Mmoja wetu akasema kwamba alikuwa akiiona silika hiyo kwa Mwalimu tangu zamani, na huyo ndiye aliyewahi kulala usingizi wakicheza.

Njue alikuwa ameketi juu ya gunia, kofia magotini. Akakohoa.

"Sikuona kitu," akasema. "Nilikuwa nachukua kikombe cha chai. Mkono wa koti ukamgusa yule askari wa Kathambi, akaanguka. Na sheria ni kwamba ukimgusa wa mwenzako, unamla. Aliyeweza kumla ni askofu tu."

Tulicheka kwa furaha. Unyenyekevu wa Mwalimu ulitugusa sana.

Kathambi ndiye hakucheka. Alithibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa. Siku ile alimwambia Mwalimu aachane nayo, maana koti si mkono na hakuna mwamuzi ambaye angemlazimisha. Lakini Mwalimu alimjibu kwamba amewaadhibu watoto wa watu maisha yake yote kwa visingizio vizuri kuliko hicho, akamchukua askofu, akamla yule askari, na uso ukamwisha damu.

Mtu angedhani kwamba hapo uchambuzi umekwisha. Hatukuwa watu wa kukata tamaa hivyo. Ndwiga alifikiri kidogo, akasema kwamba sasa mambo yanaeleweka hata zaidi: Mwalimu alilitumia koti kumvuruga mpinzani kisaikolojia. Mwingine akauliza kama koti lile lilikuwa wazi au limefungwa vifungo. Swali hilo lilijadiliwa kwa uzito unaostahili.

Misheck, ambaye ana kasoro ya kupenda kujua, aliingiza mchezo kwenye programu ya simu yake. Simu ikasema askofu yule alikuwa kosa kubwa, na kwamba kama Kathambi angerudisha mfalme wake pembeni, Njue angekuwa hana mchezo. Ndwiga aliitazama simu kwa huruma. Akasema betri iko chini.

Kathambi alikuwa akisogeza vipande polepole, akirudia hatua zilizofuata. Alikiri kwamba aliiona ile njia ya kurudi pembeni. Hakuifuata kwa sababu alimtazama mzee aliye mbele yake, mtu ambaye wote walimwambia hatoi hata askari mmoja bila risiti, akajiuliza huyu amejua nini. Basi akamkimbiza mfalme wake mbele. Kisha akaiweka ngome ya Njue pale ilipotolewa, akamgeukia.

"Mwalimu, ya koti nimeyaelewa. Lakini ngome hii hukuigusa kwa koti. Ngome hii uliitoa mwenyewe. Kwa nini?"

Njue aliigeuzageuza kofia yake. Ndwiga alikuwa amefungua kinywa ili ajibu kwa niaba yake, lakini Misheck akampa kipande cha parachichi.

"Askofu alipokwenda," Njue akasema taratibu, "nilitaka kusalimu amri. Nikajua nimekwisha. Halafu nikaona kwamba lile nililokuwa naliogopa limeshatokea, na mimi bado nimeketi. Hakukuwa na kitu cha kulinda tena. Nikainua macho, nikauona ubao wote. Miaka yote hii, Kathambi, nilikuwa nauona upande wangu tu."

Mvua ndogo iligonga mabati. Hata mimi, ambaye sisisimki kirahisi, nilitazama lebo ya gunia la mbolea kwa muda mrefu.

Kisha Ndwiga akameza parachichi, akasema kwamba hilo hasa ndilo alilokuwa akimaanisha aliposema silika.

Tangu siku ile Njue aliacha kujenga ua. Ilikuwa balaa. Alitoa maaskofu, alitoa farasi, alitoa malkia kwa sababu ambazo hata yeye hakuzijua, na kila Jumapili alipigwa na mtu mpya. Watu ambao hawakuwa wameshinda tangu klabu ianze walishinda. Ndwiga alimfunga mara mbili kwa alasiri moja, akatueleza hatua zote mpaka giza likakaribia kuingia. Klabu nyingine ingehuzunika kumpoteza mchezaji imara namna ile, lakini sisi tulivumilia ushindi wetu kwa moyo mkuu.

Nilikutana na Gladwell sokoni nikamuuliza kama mumewe ni mzima. Alisema hajui ana nini, siku hizi anaimba akikama ng'ombe aliyekuja kumpata baadaye, tena anaimba vibaya. Juzi alimwambia waende Meru kutembea tu, bila shughuli yoyote. Gladwell alimuuliza kwanza kama amepatikana na ugonjwa. Hakuwa na ugonjwa, kwa hiyo wakaenda.

Safari hiyo iliwafikisha Githongo, kwa Kathambi, ambaye alikuwa amedai marudiano kwa utulivu wake uleule. Nilikwenda nao, kwa sababu Ndwiga alikuwa na kesi na alitaka mtu wa kumletea habari atakazozieleza. Tuliketi barazani kwake, mashamba ya kahawa yakiteremka chini yetu, na Gladwell na mamake Kathambi wakimenya viazi na kutupuuza.

Njue alivua koti mapema, kuepusha maneno. Akashambulia. Akamtoa askofu palepale mbele ya mlango wa mfalme, safari hii kwa mkono wake mwenyewe, mchana kweupe, na akamtazama Kathambi kama kijana aliyeandika barua ya kwanza ya mapenzi. Kathambi alimla askofu. Akarudisha mfalme pembeni, bila haraka, akafunga mlango. Kisha akawala waliobaki mmoja mmoja, kwa adabu. Chai haikuwa imeanza kupoa na mchezo ulikuwa umekwisha.

Nilitafuta neno la kumfariji mzee. Nilikuwa nimelipata, kitu kuhusu heshima ya kujaribu, lakini niliona ameshika tumbo, mabega yanaruka, na nikadhani ni moyo. Alikuwa anacheka. Sikuwahi kumwona akicheka mpaka meno ya nyuma, na kwa mujibu wa Gladwell, aliyesimama na kisu mkononi, hata yeye alikuwa amesahau kwamba mumewe anayo.

"Panga tena," Njue akamwambia Kathambi akipangusa macho. "Nionyeshe nilipokufia."

Kathambi akaanza kupanga, naye Njue akasogeza kiti chake upande wa pili wa ubao, wakaketi bega kwa bega, wakiutazama ubao kutoka upande wa mfalme wa Kathambi.