Nilimfuata Mzee Karisa Hadi Magongo

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kila nionapo kijana ameinamia simu yake siku ya malipo, uso umemkunjamana. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule niliiacha darasa la saba kwa kuwa sikuweza kukaa kitako. Nilikuwa nimeshauza maji Likoni, nimebeba mawe Bamburi, na sasa nilikuwa kuli wa magunia kwenye ghala moja Changamwe. Kila nilipopita niliuliza maswali, na jibu la kwanza sikuliamini.

Nyapara wetu alikuwa Mzee Karisa. Kila Jumamosi jioni akitulipa, alikata shilingi hamsini kwa kila mtu. "Ya mgonjwa," alisema. Mgonjwa mwenyewe, wenzangu walidai, ni Baraka, aliyekuwa kwenye kundi kabla yangu. Mimi sikuwahi kumwona. Na kwa kuwa mfuko wangu ulikauka kila wiki kabla ya Jumatano, niliona mwizi nimeshampata.

"Karisa ajenga kwao kwa jasho letu," nilimwambia Charo, niliyekuwa nikibeba naye.

"Si umuulize?"

"Mwizi huulizwa?"

"Haya, mpelelezi. Ukimshika niite, nije nichukue hamsini zangu."

Jumamosi moja nikamfuata. Alinunua unga na pojo, akashika barabara ya Magongo kwa miguu, nami nyuma yake najificha kwa malori. Akaingia nyumba ya chumba kimoja. Nikachungulia dirishani. Kijana wa rika langu alikuwa kitandani. Mzee kamshika mabega, mke wa yule kijana kamshika miguu, wanamgeuza ubavu.

"Ingia," Mzee akasema bila kutazama. "Tangu langoni wanifuata, na mwendo wako una kelele kama lori tupu."

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mgonjwa ndiye huyu. Muulize utakalo."

Baraka ndiye aliyeniuliza mimi. "Vile vidonge vya maumivu, bado vyauzwa pale kibandani, langoni pa ghala? Nilikuwa nikimeza viwili asubuhi, viwili adhuhuri, nipate kubeba zamu mbili. Mgongo wanilalamikia, nami naunyamazisha. Hata siku ulipokatika, gunia nilikuwa nalo kichwani."

Mfukoni mwangu, saa ile ile, vilikuwamo vinne.

Tulipotoka nje nikaanza kuomba radhi. Mzee akanikatiza.

"Kunishuku si kosa. Pesa ni zako, zifuate. Lakini umenifuata mimi wa hamsini, na yule alaye mamia hujamfuata hata hatua moja."

"Nani huyo?"

"Jumatatu mfuate. Hutoka langoni kavaa suruali yako."

Nilikasirika, mwanangu, lakini udadisi ulinishinda. Wiki nzima nikajifuata kama mtu nisiyemwamini. Nikamwona akipita kibandani, akinunua vidonge na kinywaji cha kutia nguvu. Nikamwona akibashiri mpira kwa simu. Nikaona mkopo wa simu ukijikata wenyewe, naye akikopa tena kabla ya magharibi. Usiku alilalia chai ya rangi na mkate. Wiki ile alimeza vidonge mara nyingi kuliko alivyokula wali. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Mimi nguoni nilimkuta nani, ila mimi?

Niliiacha zamu ya pili niliyokuwa nikiibeba kwa vidonge. Zahanati wakaniambia tumbo limeshaanza vidonda kwa vile vidonge, nami nimechelewa kidogo tu. Nilipata pesa pungufu, na mwisho wa mwezi zikabaki, kitu ambacho hakikuwa kimewahi kunitokea.

Basi mshuku anayekukata, ni haki yako; mimi hadi leo risiti naisoma mara mbili. Ila kila mwisho wa mwezi jishuku na wewe. Fuata shilingi yako kutoka langoni hadi inapoishia. Jiulize umelala saa ngapi, umekula nini, na ni maumivu gani unayoyanyamazisha ili kesho uende kazini. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na ukijijibu haraka kwamba uko sawa, usijiamini, uliza tena. Wala usinyime ya mgonjwa.

Mungu akupe riziki uijuayo ilikopita, na mwili utakaozeeka nao bila kudaiana. Nenda salama, mwanangu.