Kadi za Katoni

Shule ilikuwa Kabuchai, katikati ya miwa, nami nilitoka Kitale na digrii iliyokuwa imekaa miaka miwili kwenye bahasha. Mwalimu mkuu alinipa gredi ya pili na muhula mmoja wa majaribio. Alitaka kitu kimoja tu. Siku ya wazazi, watoto wasome mbele ya watu maneno arobaini ya Kiingereza, yale madogo yanayojaa kila ukurasa: "the", "was", "said", "they". Mtoto asihangaike kuunganisha sauti, aone tu atambue. Wakiweza, ningebaki. Wakishindwa, ningerudi kwa mama, ambaye tayari alikuwa amewatangazia majirani kwamba mimi ni mwalimu.

Karatasi ngumu hazikuwepo, kwa hivyo niliomba katoni dukani, za sabuni, za mafuta, za biskuti, nikazikata kadi. Upande wa ndani ulisambaza wino. Nikaandika upande wa nje, juu ya rangi na picha za kiwandani, kila kadi na kipande chake cha picha, kwa kalamu nene nyeusi.

Kufikia katikati ya muhula darasa lilikuwa linaimba. Nainua kadi, wanapaza sauti kabla sijaishika vizuri. Mwalimu wa gredi ya nne alichungulia dirishani akauliza nawalisha nini. Nilicheka, kisha nikashinda siku nzima nikijiuliza alimaanisha nini.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, mvua iliingia darasani ikalowesha kadi ya "said". Niliiandika upya kwenye karatasi nyeupe, nikainua. Wakatazamana. Nikadhani mwandiko wangu ni mbaya, nikaandika tena. Wakatazamana tena. Msichana wa dawati la mbele akanihurumia.

"Madam, hiyo si 'said'. 'Said' iko na povu."

Niliokota kipande kitupu cha katoni ya sabuni, chenye picha ya povu lakini kisicho na neno lolote, nikakiinua.

"Said!" darasa zima likaitika.

Hawakuwa wamesoma hata herufi moja. Walikuwa wamekariri sabuni, mafuta na biskuti, na aliyewafundisha hivyo ni mimi.

Nilijaribu kadi nyeupe siku zilizobaki. Walishika "the", kesho yake wakaipoteza. Nilienda ofisini kusema ukweli. Nilikuwa nimepanga sentensi ya kwanza, nikaibadilisha njiani, nikaibadilisha tena mlangoni. Mwalimu mkuu alikuwa anahangaika na mambo ya hema.

"Usiniletee shida leo, madam. Niambie tu watoto yako wataingia saa ngapi."

Nikamwambia wataingia baada ya wimbo.

Siku ya wazazi nilibeba kadi zote, nyeupe na za katoni, pamoja na kile kipande cha povu, nikijiambia nitaamua nikifika mbele. Nilipofika mbele, mikono ilikuwa imeshaamua. Maneno arobaini, bila kosa. Akina mama walipiga vigelegele. Mwalimu mkuu aliinuka kwenye kiti chake akapiga makofi akiwa amesimama.

Baadaye baba wa yule msichana, mkulima wa miwa, alitujia akiwa na kadi ya kliniki ya hospitali ya misheni ya Lugulu.

"Hebu nisomee hii," akamwambia binti yake. "Ati daktari anasema nini?"

Msichana aliitazama. Akaigeuza nyuma, akakagua pembe zake, akitafuta picha. Kisha akanitazama mimi.

"Huo ni mwandiko wa daktari," nikasema haraka. "Hata sisi walimu unatushinda."

"Kweli bana, hawa watu huandika kama kuku," akasema, akacheka, akamshika binti bega kwa fahari.

Kadi ilikuwa imepigwa chapa. Herufi zilikuwa safi, na "the" ilikuwemo mara mbili.

Jumatatu nilitia sahihi mkataba. Mwalimu mkuu alisema ameshaagiza katoni zaidi dukani, ili niwatengenezee gredi ya kwanza kadi kama zile. Sentensi yangu ya kwanza nilikuwa nayo bado, imekamilika kabisa.

"Sawa," nikamjibu.

Nilienda darasani mikono mitupu. Nikaandika "the" ubaoni kwa chaki, nikageuka kuwauliza ni neno gani. Hakuna aliyeangalia ubao. Wote walikuwa wananiangalia mikono, wakingoja niinue kitu.