Mabati Ambayo Hakuna Aliyeyalalamikia

Baba yangu alizaliwa Chundwa na mama yangu Kiunga, nami nimekulia chini ya paa la makuti. Andika hayo kwanza, mjukuu wangu. Kisha andika kwamba tangazo la redio lilisema hakuna mnunuzi aliyelalamika kuwa mabati yale mapya aliyotaka kuyaezeka baba yako yanavuja. Nilimwambia baba yako, "Yameanza kuuzwa wakati wa kaskazi, na mvua haijanyesha. Nani angelalamika?"

"Baba, wewe hata kusoma hujui."

"Redio haisomwi," nikamjibu, lakini alikuwa ameshashusha makuti.

Mvua ilipokuja, mabati yalivuja penye misumari. Sasa mchana chumba ni tanuri, na miguu yangu hainifikishi nje. Zile fito za paa la zamani zihifadhi pakavu, mjukuu wangu, baba yako asizifanye kuni; zitabeba makuti tena.