Mwiko wa Kichwa cha Mbuzi

Leo asubuhi jirani yangu hapa Iyunga alikuwa anababua kichwa cha mbuzi, na harufu ya manyoya yanayoungua ikaingia mpaka jikoni kwangu. Mjukuu wangu akafunga dirisha upesi.

"Bibi, si ni mwiko wa ukoo wetu?" akasema, tena kwa kujivuna.

Mwiko! Nilitaka kumzaba kofi.

Nilikuwa mdogo, kwetu Iringa. Wageni walikuja, mama akanipa kichwa cha mbuzi nikibabue uani. Manyoya yalipoanza tu kuungua, baba akatoka ndani mbio, akaupiga moto teke, akaniburuta hadi shambani na kunikandamiza chini katikati ya mahindi, kiganja chake kimeniziba mdomo.

"Nyamaza, watatusikia."

Kaptula yake ilikuwa imelowa mkojo. Alikuwa amerudi kutoka vitani kabla hata sijazaliwa.

Wageni walicheka mpaka wakashika matumbo. "Vita vimemla akili huyu!" Mama akaona aibu, akawaambia, "Hapana jamani. Kwao ni mwiko, hawababui mbuzi."

Basi, ikawa mwiko. Nikaja kuolewa huku Mbeya na uongo ule, nikawachapa wanangu kwa ajili yake.

"Fungua dirisha," nikamwambia mjukuu. "Hatuna mwiko wowote. Ni baba yangu aliyekuwa anaiogopa harufu hiyo."

"Ilimkumbusha nini, Bibi?"

"Sijui," nikasema. "Tuliishi naye mpaka tukamzika, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza."